Usimnyoe mbwa wako: manyoya kudondoka si ugonjwa

Vijana wangu wa Kasense na Ufipa yote,

Leo tuyaweke pembeni mahindi na kuku, tuzungumzie mlinzi wa mradi. Siku hizi kila anayefungua banda la kuku wa mayai au kujenga ghala anataka German Shepherd. Sawa, ni mbwa mzuri. Shida inaanza baadaye: manyoya yametapakaa kila kona, kijana anashtuka, anashika mkasi au, baya zaidi, bomba la kupulizia dawa.

Msimamo wangu uko wazi: mbwa wa manyoya tabaka mbili hanyolewi, na haogeshwi dawa kwa kubahatisha. Anachanwa.

Aina hii ilianza kuendelezwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo kwenye baridi. Ndiyo maana ana makoti mawili. La juu ni gumu, linazuia mvua na jua. La ndani ni laini kama sufi, linatunza joto. Kinachodondoka kwa wingi ni hilo la ndani, na lazima lidondoke ili jipya liote.

Ulaya mbwa hawa humwaga manyoya kwa kishindo mara mbili kwa mwaka, kwa sababu urefu wa mchana hubadilika sana kati ya kiangazi na baridi. Kwetu, mchana mrefu na mfupi kabisa wa mwaka vinapishana kama saa moja tu. Kwa hiyo usishangae akimwaga kidogo kidogo mwaka mzima.

Wapo wanaoniambia, "Afisa, ukimnyoa si anapata hewa?" Hapana. Ukiondoa koti la juu, jua linapiga ngozi moja kwa moja, na huenda manyoya yakarudi kwa mabaka. Tena sisi tuko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai unaujua mwenyewe. Mlinzi anayetetemeka atalala jikoni, si bandani. Kunyoa tumwachie daktari wa mifugo anayetaka kutibu kidonda.

Kazi yenyewe ni ndogo:

1. Mchane mara mbili au tatu kwa wiki, na kila siku akimwaga sana. Tumia brashi ya meno ya waya au kitana cha meno mapana. Fuata uelekeo wa manyoya, fungua tabaka kwa tabaka, usikwaruze ngozi.
2. Mchanie mbali na banda na ghala. Nawa mikono kabla ya kuokota mayai. Mteja akikuta unyoya kwenye trei, harudi.
3. Mchane kwanza ndipo umwogeshe. Manyoya yaliyosokotana yakilowa yanakaza zaidi. Tumia sabuni ya mbwa, suuza vizuri, mkaushe. Masika koti la ndani likibaki bichi, ngozi inachubuka na kutoa vidonda.

Halafu kuna chakula. Unyoya karibu wote ni protini, na ugali mtupu hautoshi. Ongeza dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, maharage yaliyoiva au mabaki ya nyama. Na hapa nasema kwa ukali: mahindi yenye ukungu si chakula cha mbwa. Sumukuvu inaharibu ini, na mbwa anaweza kufa nayo. Kama hayakufai wewe, hayamfai na yeye.

Sasa, si kila kudondoka ni kwa kawaida. Ukiona mabaka yasiyo na manyoya, kujikuna usiku kucha, ngozi nyekundu, magamba, harufu au kukonda, hapo kuna viroboto, ukurutu, minyoo au jambo lingine. Mwite mtaalamu wa mifugo mapema, maana kuna ukurutu unaohamia hata kwa watu. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukakadiria kwa kifuniko, wala sumu ya kupulizia shambani. Mbwa anajilamba, ulichompaka mgongoni kinaishia tumboni. Ivermectin nayo usimchome mwenyewe, kwani baadhi ya mbwa wa jamii za kuchunga hudhurika nayo vibaya sana.

Mwisho, tuongee biashara. Mbwa huyu ni mfanyakazi: ana chakula, ana brashi, ana chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Viandike kwenye daftari la mradi kama unavyoandika pumba na mashudu. Kama huna hata robo saa ya kumchana, mimi nakushauri uchukue mbwa wetu wa kienyeji. Manyoya yake ni mafupi, anabweka vilevile, na mwizi haulizi aina ya mbwa kabla ya kukimbia.

Lakini ukishaamua kumfuga huyu wa makoti mawili, mfuge na makoti yake yote mawili. Anza na kitana leo jioni, ukimaliza kufunga kuku.