Nani Anakulipa?

Swali hili haulizwi mtu aliyenyamaza. Mtu akikuta maji taka yamefurika njiani, akakunja suruali, akaruka na kwenda zake kazini, hakuna atakayemuuliza nani kamlipa ili aruke. Lakini hebu asimame apige picha, aandike barua kwa kaunti, azunguke mtaani kukusanya sahihi. Wino haujakauka, keshaulizwa, tena na jirani anayekanyaga uchafu huohuo kila asubuhi: wewe unatumwa na nani? Nani anakulipa?

Nimelichoka swali hili, na leo nalirudisha kwa wenyewe.

Twendeni Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kijiji cha nyumba za udongo na mabati, na ubavuni pake, ukuta kwa ukuta, kikawekwa kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu za magari. Betri inapasuliwa, tindikali inamwagwa, vibamba vinatiwa tanurini, moshi unatua juu ya mapaa. Mvua ikinyesha, watu wanakinga maji ya kunywa kwenye mapaa hayohayo. Mtoto anatambaa kwenye vumbi hilo, kisha anatia vidole mdomoni. Risasi ikishaingia mwilini hukaa mifupani miaka na miaka, na hakuna kipimo chake ambacho wataalamu wanasema ni salama kwa mtoto.

Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, akapewa kazi ya kushughulikia ripoti ya athari kwa mazingira. Ripoti ilipoonyesha kwamba kiwanda hakifai kuwa katikati ya makazi ya watu, akaondolewa kwenye kazi hiyo. Kisha mwanawe akaugua, na damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Alikuwa bado ananyonya. Mama huyo akaacha kazi, akaanza kubisha milango ya majirani, na milango ya ofisi. Mwaka 2012 alikamatwa kwenye maandamano, akashtakiwa kwa uchochezi, na mahakama ikamwachia huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikakatwa, fidia ikatiwa shaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024.

Sasa niulize mimi. Katika kisa hiki chote, nani alikuwa analipwa?

Mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwepo. Wizara ya afya ilikuwepo. Kulikuwa na maofisa wenye mishahara, magari, mafuta ya magari na marupurupu ya safari, vyote vikitoka mfukoni mwa huyo mama wa Owino Uhuru kila anaponunua sabuni. Kazi waliyolipwa kuifanya ndiyo aliyoifanya yeye bila mshahara, akaifanya akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Mahakama haikuibebesha lawama kampuni peke yake, ilizitaja taasisi za serikali pia. Aliyekula mshahara akalala hakuulizwa kitu pale barazani. Aliyekesha ndiye aliyeitwa kibaraka.

Najua nitaambiwa: lakini Omido alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na wanaharakati hupata fedha za wafadhili. Kweli. Tena niongeze mwenyewe kwamba wapo wanaharakati wa hoteli, wanaojua ladha ya chai ya saa nne kuliko jina la kijiji wanachokitetea. Watu hao sina hamu ya kuwatetea. Ila wao hawakamatwi wala hawavamiwi usiku, na swali la nani anakulipa haliwafikii, kwa kuwa hawamsumbui mtu.

Na tukizungumzia malipo, tuzungumzie nauli. Mradi mkubwa ukija pwani, sheria inataka wananchi watoe maoni. Basi mkutano unaitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, ripoti ya mamia ya kurasa imeandikwa Kiingereza, anayeisoma anaipitia haraka kama anayefukuza basi. Ukiingia unatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, ukitoka unapewa soda na nauli. Ile karatasi ndiyo itakayotolewa baadaye kuonyesha kwamba wananchi walishirikishwa. Huko Lamu, wakazi waliukataa mchezo wa namna hiyo. Kwasasi palikuwa pajengwe mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, si mbali na mji mkongwe ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2001. Wavuvi na wenzao wakaupeleka mradi mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa ni kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Miaka yote hiyo wavuvi hao waliambiwa wanapinga maendeleo.

Halafu ikaja Juni 2024. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaueleza mitandaoni kwa lugha za kwao, kodi ya mkate ikajulikana mpaka kwa bibi kijijini. Walipoingia barabarani walipigwa risasi, wengine wakafa. Mswada ulipoondolewa, Rais akautupia lawama Wakfu wa Ford wa Marekani, kwamba unafadhili vurugu. Hapo nilicheka kwa uchungu. Serikali iliyoandika kodi zile ikiwa imefungwa na masharti ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ndiyo iliyokuwa ikiwauliza watoto wetu pesa za kigeni wamezipata wapi! Kijana amekopa hamsini ya bando kwa dada yake, anaambiwa ana mfadhili ng'ambo.

Kwa hiyo tufanye hivi. Mtaani kwetu kuna uwanja wa watoto uliozungushiwa mabati usiku, na hakuna ofisi inayokubali kusema nani karuhusu. Ninakusanya sahihi. Mfadhili wangu ni mimi, na risiti za fotokopi ninazo, pamoja na za matatu za kwenda na kurudi ofisi ya ardhi, anayetaka azikague. Lakini aje na za kwake. Aje aniambie, yeye anayepita pale kila jioni na kuona mwanawe akicheza mpira barabarani katikati ya bodaboda, alilipwa shilingi ngapi kunyamaza. Kama ni bure, basi ametupunja sote, na afadhali atie sahihi kabla sijaipeleka fomu Jumatatu.