Faini za baiskeli Uingereza: Msumeno wa sheria wamkata asiyekimbia

KATIKA miji kadhaa ya Uingereza, mtu anayepanda baiskeli kwenye barabara zilizotengewa wanaotembea kwa miguu anaweza kujipata akidaiwa pauni 100 papo hapo. Mnamo 2022, mzee wa umri wa miaka 82 alitozwa kiasi hicho mjini Grimsby, na kisa chake kikachochea mjadala mkali: je, faini hizi zinawalinda raia au zimegeuzwa kitega uchumi?

Chimbuko la faini hizo ni sheria ya mwaka wa 2014 kuhusu tabia zinazokera jamii, uhalifu na polisi. Sheria hiyo iliyapa mabaraza ya miji mamlaka ya kutoa amri za kulinda maeneo ya umma dhidi ya tabia inayoathiri vibaya maisha ya wakazi. Baraza sharti liridhike kwamba tabia yenyewe ni ya kuendelea na kwamba haivumiliki.

Amri ya aina hiyo hudumu kwa muda usiozidi miaka mitatu, ingawa inaweza kuongezwa. Sheria hiyo ilipopitishwa mnamo 2014, aliyeikiuka alipewa nafasi ya kulipa faini isiyozidi pauni 100. Akikataa na kushtakiwa, mahakama inaweza kumtoza hadi pauni 1,000. Naye anayetaka kupinga uhalali wa amri yenyewe ana majuma sita pekee ya kuwasilisha kesi katika Mahakama Kuu.

Haiwezi kusemwa kwamba mabaraza hayana sababu. Mtu asiyeona anayetafuta njia kwa fimbo yake hana namna ya kukwepa baiskeli inayomjia kimyakimya. Mkongwe akiangushwa na kuvunjika nyonga, huenda asirejelee tena maisha yake ya awali.

Fauka ya hayo, baiskeli za siku hizi si zile za jana. Sheria ya Uingereza huruhusu mota ya umeme kumsaidia mwendeshaji hadi kasi ya takriban kilomita 25 kwa saa, lakini zipo zilizofanyiwa ukarabati haramu ili zipite kiwango hicho. Wanaosambaza vyakula, ambao wengi wao hulipwa kulingana na idadi ya mizigo wanayofikisha, wana kila sababu ya kukata njia na kuharakisha.

Utata unajitokeza katika utekelezaji. Baadhi ya mabaraza huwapiga marufuku wote wanaoendesha baiskeli katika eneo husika, awe anakwenda mbio au kwa mwendo wa kobe. Kisha baadhi yao hukabidhi kazi ya kutoza faini kwa kampuni za kibinafsi, jinsi lilivyofanya baraza la Peterborough mnamo 2017. Katika kandarasi nyingine za namna hiyo, kampuni hupata mgao wa kila faini inayolipwa.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mfanyakazi wa kampuni hana mamlaka ya kumtia mtu mbaroni kama afisa wa polisi, wala hawezi kumkimbiza mwendeshaji anayepita kwa kasi. Anayenaswa kwa urahisi ni yule anayekwenda polepole, anayesimama akiitwa na anayetoa jina na anwani yake bila hila. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu, hata hivyo, humkata asiyekimbia na kumwacha aliyekusudiwa.

Ni kinaya kwamba serikali ya nchi hiyo iliwahi kuonyesha busara katika suala linalokaribiana na hili. Mnamo 1999, aliyekuwa waziri katika Wizara ya Usalama wa Ndani, Paul Boateng, alieleza kwamba faini za kuendesha baiskeli kwenye vijia vya kando ya barabara hazikuwalenga watu wanaopanda huko kwa kuhofia magari, mradi wawajali wengine. Waziri mdogo katika Wizara ya Uchukuzi, Robert Goodwill, aliurudia msimamo huo mnamo 2014, mwaka ule ule ambao mabaraza yalipewa mamlaka mapya.

Aidha, utafiti uliochapishwa Uingereza mnamo 1993 haukupata sababu ya msingi ya kuwafungia waendesha baiskeli nje ya maeneo hayo. Watafiti waligundua kwamba umati ukizidi, wengi wao hupunguza mwendo au hushuka na kukokota baiskeli zao, na kwamba ajali baina yao na wanaotembea ni nadra. Ni kweli kwamba utafiti huo ulitangulia enzi ya baiskeli za umeme, lakini hoja hiyo inataka kasi idhibitiwe. Haihalalishi kumwadhibu mzee wa Grimsby.

Licha ya hayo, mwelekeo umekuwa wa kukaza kamba. Mnamo 2025, serikali iliwasilisha bungeni mswada uliopendekeza kiwango cha juu cha faini ya papo hapo kipandishwe kutoka pauni 100 hadi 500. Pale ambapo kampuni hulipwa kwa kila faini, nyongeza kama hiyo huongeza tamaa ya kunasa watu bila kuongeza uwezo wa kuwafikia walio sugu.

Suala hili si geni kwa Wakenya. Bodaboda, ambazo zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria mpakani Busia katika miaka ya 1960, zilipigwa marufuku katikati ya jiji la Nairobi mnamo 2018 chini ya Gavana Mike Sonko. Hata hivyo, pikipiki ziliendelea kuonekana humo, na anayetembea kwa miguu angali analazimika kuzipisha kwenye kijia kilichojengwa kwa ajili yake.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kusimamia trafiki na maegesho. Kaunti ya Nairobi nayo, katika sera yake ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Kaunti isiyotimiza ahadi ya aina hiyo haina msingi thabiti wa kumtoza faini aliyekosa njia ya kupita.

Suluhu haihitaji miujiza. Mji wa York huruhusu baiskeli katika barabara zake za watembea kwa miguu nje ya saa za shughuli nyingi. Amri inaweza kulenga mwendo wa hatari badala ya baiskeli yenyewe. Muhimu zaidi, anayetoza faini asilipwe kutokana na faini hiyo. Mradi riziki yake inategemea idadi ya makosa, hatakuwa na haja ya kuona makosa yakipungua.