Bia Ndiyo Iliyowafukuza, Si Dhamiri

Tuelewane mapema ili tusipotezeane muda. Sikuja kuwalilia watangazaji waliofutwa kazi, wala sikuja kuwapiga mawe upya. Nimekuja kwa sababu kila mtangazaji akiropoka redioni, kuna mtu atanikumbusha ya Homeboyz Radio: kwamba mwaka 2021 Wakenya walipaza sauti, redio ikasikia, wakosaji wakafukuzwa, haki ikatendeka. Hadithi tamu sana. Tatizo lake ni moja tu: si kweli.

Kwa waliosahau, mambo yalikuwa hivi. Machi 2021 msichana wa miaka 20 alianguka kutoka ghorofa ya 12 ya jengo moja katikati ya Nairobi. Mungu mkubwa, hakufa, ila mifupa ilivunjika. Mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amekwenda kuonana na mwanaume waliyejuana kwenye Facebook, akamkatalia alichotaka, akasukumwa. Mwanaume akakamatwa na kufikishwa mahakamani.

Asubuhi moja wiki zilizofuata, kipindi cha Lift Off kikaligeuza jambo hilo kuwa mada. Waliokuwa studioni ni Shaffie Weru, Neville Muysa na Joe Munene, yule tunayemwita DJ Joe Mfalme. Ungedhani mada ni mwanaume anayesukuma binadamu kutoka ghorofani. La hasha. Mada ilikuwa msichana. Kwa nini alikwenda? Kwa nini wasichana wa siku hizi wanapatikana kirahisi hivi? Na ushauri juu yake: jamani, jifanyeni wagumu kidogo.

Simama hapo, msomaji wangu. Rudi uyasome maelezo ya msichana mwenyewe.

Alikataa. Alikuwa mgumu! Kile ambacho redio ilikuwa inawashauri wasichana wote wa Nairobi wakifanye, yeye alikuwa ameshakifanya, na malipo yake yakawa ghorofa kumi na mbili. Watu watatu wazima wenye maikrofoni, wenye gazeti mbele yao, walishindwa kuona kwamba ushauri wao ulikuwa unamwambia majeruhi afanye lilelile lililomjeruhi.

Na msiniambie ni bahati mbaya ya asubuhi moja. Mwaka 2006, Bunge lilipokuwa linajadili mswada wa Makosa ya Kingono ulioletwa na Njoki Ndung'u, mbunge mmoja wa kiume alisimama akasema wanawake wa Kiafrika wakisema hapana huwa wanamaanisha ndiyo. Wabunge wanawake wakatoka nje. Sasa weka maneno ya Bunge na ya redio pamoja uone mtego ulivyotegwa. Ukikubali, wewe ni wa bei rahisi. Ukikataa, hujamaanisha. Ukikataa ukamaanisha, ukaumizwa, tutakuuliza ulikwenda kufanya nini. Mwanamke apite wapi?

Haya, turudi kwenye ile hadithi tamu. Watu walikasirika kweli, hilo silikatai. Mitandao iliwaka. Lakini hasira ya mtandaoni kwa mwenye redio ni kama mvua kwa mwenye mwavuli. Kilichobadilisha hali ya hewa ni tangazo la EABL, watengenezaji wa Tusker, kwamba wanaondoa matangazo yao ya biashara kituoni hapo. Baada ya hapo wote watatu wakafutwa kazi. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ikaja na fimbo yake: faini ya shilingi milioni 1 na kipindi kusimamishwa miezi 6.

Nawapongeza EABL kwa hilo, sina kinyongo nao. Ninachosema ni kwamba mlinzi wa heshima ya wasichana wetu siku ile alikuwa kampuni ya bia. Mlinzi wa namna hiyo hulinda anapotaka, na huacha kulinda hesabu zake zikimwambia aache. Kama msichana yule angekuwa wa kijiji kisichojulikana, kama kipande kile cha sauti kisingesambaa, kama kituo kingekuwa kidogo kisicho na mfadhili mkubwa wa kujitoa, nani angefukuzwa?

Wamarekani walishatuonyesha sinema hii. Aprili 2007 Don Imus aliwatukana hewani wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha Rutgers, tusi la ubaguzi wa rangi na la kijinsia kwa pamoja. Mwanzoni wakubwa wake walimpa adhabu ya wiki mbili tu. Wafadhili walipoanza kukimbia, Procter & Gamble miongoni mwao, ndipo MSNBC wakamwacha, na siku iliyofuata CBS wakamfukuza. Watu wakashangilia. Desemba mwaka huohuo Imus alikuwa amerudi hewani kwenye kituo cha WABC cha New York, na matangazo yakarudi naye. Aliyefukuzwa na pesa hurudishwa na pesa.

Sasa niseme kama mtu wa kazi hii. Saa 12 hadi saa 4 asubuhi ndiyo mgodi wa redio. Watu wako kwenye matatu, wako kwenye foleni, hawana pa kukimbilia, na dakika ya tangazo hapo ni ghali kuliko ya usiku. Mada huchaguliwa kwa swali moja: simu zitaingia? Bei ya unga haileti simu kama mke aliyefumaniwa. Simu ni maudhui ya bure, hayahitaji mwandishi wa kutumwa wala mafuta ya gari. Halafu kesho lazima uzidi ya jana, maana msikilizaji ameshazoea. Mtangazaji anayevuka mstari kila siku kidogo hupandishwa cheo. Siku akivuka hatua moja zaidi na watu wakapiga kelele, wakubwa wanashika vichwa: huyu katokea wapi? Katokea kwenye mkutano wenu wa vipindi, mabwana! Mlimkuza wenyewe.

Na kanuni zipo. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka mambo ya watu wazima yasirushwe kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku, kwa sababu watoto wanasikia. Fungua redio kwenye matatu yoyote yenye wanafunzi waliovaa sare, usikilize dakika kumi, kisha uniambie kanuni hiyo inaishi wapi.

Najua mtakachonijibu. Kwanza: ulikuwa utani. Sawa, napenda utani kuliko wengi wenu. Lakini utani una mwenye kutaniwa. Katika desturi zetu mtani wangu hunitania nami nikamrudishia, ndiyo maana haumi. Msichana aliye kitandani hospitalini amefungwa plasta hana maikrofoni ya kurudisha. Huo hauitwi utani. Ni kumcheka mgonjwa.

Pili: uhuru wa kusema. Mimi mwandishi wa habari, uhuru huo ndio ugali wangu, siwezi kuuchezea. Lakini someni Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hadi mwisho. Kinatoa uhuru, kisha kinasema hauhusu uchochezi wa chuki kwa misingi ya ubaguzi iliyotajwa katika Kifungu cha 27, na jinsia imo. Kinasema pia kila anayetumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Sisemi serikali imtie mtu ndani kwa mzaha wa kijinga. Nasema tu uhuru haumlazimishi mwajiri kukupa maikrofoni, wala haunikatazi mimi kukuita mjinga.

Hapo kwenye Katiba kuna jambo linaloniuma zaidi. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa baada ya damu ya 2007 na 2008, inafanya matamshi ya chuki kuwa kosa la jinai kwa misingi ya kabila, rangi na taifa. Jinsia haimo. Baada ya ghasia zile, mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alipelekwa hadi The Hague, na kesi ikafutwa Aprili 2016 kwa upungufu wa ushahidi. Chochote unachofikiri kuhusu kesi ile, ilituonyesha kwamba nchi hii inajua redio inaweza kuwa panga. Neno likihusu kabila tunaogopa, tunapunguza sauti, tunatafuta wakili. Neno likihusu wanawake tunapiga simu studioni kuchangia mada.

Na matokeo tunayaona. Januari 2024 wanawake walipouawa mmoja baada ya mwingine katika nyumba za kukodi za siku moja, maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine tarehe 27. Na bado swali lililozagaa mitaani lilikuwa: alikwenda huko kufanya nini? Swali lilelile la Lift Off, neno kwa neno. Baadaye mwaka huo polisi wenyewe walisema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Redio haikumuua yeyote kati yao. Lakini imefanya kazi miaka mingi kutufundisha kumhoji maiti kabla ya kumhoji muuaji.

Basi tufanye nini? Mimi nina matatu. Wafadhili waandike masharti yao kabla ya kulipa, yawe wazi kila mtu ayasome, wasingoje kipande cha sauti kisambae ndipo wakumbuke maadili. Faini isiishie kwa anayeongea. Mhariri wa vipindi na mkurugenzi aliyeidhinisha mada nao waitwe kwa majina. Na sisi wasikilizaji tuache uvivu wa kulalama mtandaoni tu. Baraza la Vyombo vya Habari lina Tume ya Malalamiko. Andika kituo, tarehe, saa na kilichosemwa, upeleke. Lalamiko lililoandikwa halisahauliki kama hasira ya Ijumaa jioni.

Na kama hayo yote ni kazi kubwa, redio ina kitufe cha kuzimia. Mwambie dereva wa matatu kwa adabu azime. Akikataa, mwambie tena. Wako wengi ndani ya gari hilo wanaongoja mtu mmoja aanze.

Naomba kutoa hoja.