Mbuga tatu za milima kwa siku nne? Mimi siendi

Wasee wangu wa grupu wameshapanga likizo ya Agosti: Longonot Ijumaa, Aberdare Jumamosi, halafu Mlima Kenya Jumapili na Jumatatu. Ati video zitakuwa moto. Mimi nimekataa, na wanasema nimeogopa.

Ni kweli nimeogopa. Mwaka jana tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon. Watu wenye akili hulala Old Moses, mita kama 3,300, ndio mwili uzoee, kesho yake wanaenda Shipton's, mita 4,200. Sisi tukaruka Old Moses kuokoa pesa ya usiku mmoja. Gari likatusongeza juu, tukatembea hadi Shipton's siku hiyo hiyo. Kufika, kichwa kinagonga, chakula kinarudi. Beshte yangu akaanza kuyumba kama mlevi na bado anasema, "Niko poa, ni uchovu tu." Uchovu gani, bana? Ilibidi tumteremshe usiku, baridi ya kuuma mifupa, tochi mbili kwa watu watano. Alipopata nafuu huko chini ndipo nikalia.

Kwa hivyo pendekezo langu: Longonot tuifanye wiki mbili kabla, inaisha kwa siku moja na tutajua viatu vya nani ni vya kupiga picha tu. Aberdare ingoje. Pesa yake yote iende kwa usiku wa ziada mlimani. Lenana ni mita 4,985. Nani yuko?