Cairo: Mji Niliousikia Kabla ya Kuuona

Inshallah mwezi wa Januari ujao nitakwenda Cairo, mji ambao sijapata kuukanyaga maishani mwangu. Maandalio yake yamenichukua karibu mwaka mzima, na katika kuyaandaa nimeona jambo ambalo si vyema kulinyamazia. Jambo lenyewe ni namna sisi watu wa mwambao tunavyosafiri siku hizi.

Wazee wetu walipokwenda mji mgeni walibeba barua ya mkono kwa fulani bin fulani, wakajua watafikia nyumba gani, watasali msikiti upi, na nani wa kumwamkia kwanza. Leo mtu hulipa fedha kwa wakala, akapewa karatasi yenye siku na saa, kisha akapelekwa kama mzigo uliobandikwa anwani. Jirani yangu, mzee mwenye heshima zake, alikwenda Cairo mwaka juzi na msafara wa namna hiyo. Siku ya kwanza walionyeshwa mapiramidi. Siku ya pili walitiwa katika duka la mafunjo, wakatolewa humo wakatiwa katika duka la manukato. Siku ya tatu ilikuwa ya kununua nguo. Aliporudi nilikwenda kumpa mkono wa salama, na katika mazungumzo nikamwuliza, "Na Imamu Shafi, mzee wangu, umemzuru?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Kwani yuko Cairo?"

Simcheki mzee wangu, maana swali lile lilinichoma mimi zaidi kuliko yeye. Mtu huyu tangu utotoni ametawadha, amesali, ameoa na amegawa mirathi kwa madhehebu ya Imamu Shafi, kama tulivyo wengi wetu kutoka Lamu hadi Vanga. Amelala siku tatu katika mji alimozikwa Imamu huyo, na wala hapana aliyemwambia. Wakala hakumwambia, kwa kuwa karatasi ya wakala haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Mombasa. Imeandikwa kwa ajili ya mtu yeyote, na safari iliyopangwa kwa ajili ya mtu yeyote haimfai mtu hasa.

Basi mimi nikaamua kupanga yangu kwa njia nyingine. Kabla ya kuuliza hoteli ni kiasi gani, nilikaa nikajiuliza: ni kitu gani chetu kilichoko Cairo tayari?

La kwanza nililikuta sikioni mwangu. Mwaka 1954 Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na matangazo yale Waingereza hawakuyapenda hata kidogo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka ya 1960, na nakumbuka redio ya betri ya marehemu baba ikiwekwa juu ya baraza huko Kibokoni, wazee wakiizunguka, na sauti ikija na kupotea kama mtu anayesema huku upepo ukivuma. Baba alikuwa fundi wa kushona. Hakupata kuvuka maji hata ya kwenda Unguja, lakini ungemsikia akilitaja jina la Cairo ungedhani ana shamba huko. Alisema akijaaliwa atakwenda. Hakujaaliwa, na mimi katika safari hii nabeba nia yake pamoja na yangu.

La pili nililikuta kabatini. Chukua kitabu chochote cha zamani cha chuoni, kile chenye karatasi za manjano, ufunue ukurasa wa kwanza, na mara nyingi utasoma kwamba kimepigwa chapa Misri. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, alikuwa msomaji wa Al-Manar, jarida lililokuwa likitoka Cairo. Kwa hiyo mji huu ambao naita mgeni umekuwa ukiingia majumbani mwetu kwa meli na kwa posta kabla sijazaliwa.

La tatu ndilo Imamu mwenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Imamu Shafi alizaliwa mwaka 767 huko Gaza, akakulia Makka, akasoma Madina kwa Imamu Malik, akafundisha Baghdad. Alihamia Misri akiwa mtu mzima aliyekwisha kupata sifa, na alikaa huko miaka michache tu, kwani alifariki mwaka 820. Lakini katika miaka michache ile aliyapitia upya mengi aliyokwisha kuyasema. Risala yake aliiandika upya. Kila aliyesoma fikihi chuoni amewasikia walimu wakisema "kauli ya zamani" na "kauli mpya" ya Imamu. Ya zamani ni ya Iraq, na mpya ni ya Misri, nayo ndiyo tunayoifuata kwa sehemu kubwa. Nami najiuliza, ikiwa mwanachuoni mkubwa kiasi kile alifika mji mgeni akakubali kuyatazama tena maneno yake mwenyewe, sisi ni nani hata tuingie mji wa watu na kutoka vile vile tulivyoingia, isipokuwa sanduku limeongezeka uzito?

Juu ya kaburi lake pana kuba iliyojengwa mwaka 1211 na Sultan al-Kamil, wa ukoo wa Salahuddin. Ni kuba ya mbao iliyofunikwa risasi, na iliyokuwa imechakaa ikatengenezwa hadi kufunguliwa tena mwaka 2021. Huko juu kabisa, mahali ambapo ungetazamia kuona mwezi mwandamo, pana chombo. Ndiyo, chombo cha shaba, mfano wa mashua, kimekaa juu ya kuba kama kimepwelewa. Wako wasemao ni ishara ya bahari ya elimu, na wako wasemao kilitiwa nafaka kwa ajili ya ndege. Mimi mtu wa pwani nilipoonyeshwa picha yake nilicheka peke yangu kwa furaha. Na chini yake pana sanduku la mbao lililonakshiwa mwaka 1178, na fundi aliyelinakshi, Ubayd al-Najjar, ameandika jina lake juu ya kazi yake. Mafundi wetu wa milango wa Lamu na Siyu wangependa kukutana na mtu huyo.

Najua wako watakaonikunjia uso hapa. Ndugu yangu mdogo, aliyesoma Madina na ambaye elimu yake naiheshimu, aliniambia wazi, "Kaka, safari haifungwi kwa ajili ya kaburi," akanikumbusha hadithi ya misikiti mitatu. Tulizungumza hadi saa tano ya usiku. Nilimwambia kwamba siendi kumwomba maiti haja yoyote, haja zangu namwomba aliyemwumba Imamu na mimi. Nakwenda kuuona mji uliotusomesha, na nikipita penye kaburi la mwalimu nitamtolea salamu na kumwombea, kama nifanyavyo nipitapo makaburini kwetu. Hakuridhika sana. Mambo haya yamewagawa watu wetu tangu zamani, wala gazeti halitayamaliza. Lakini nashikilia kwamba kutojua alipozikwa Imamu wako si uchamungu, ni kutojua tu.

Na liko jambo la kutufanya tufanye haraka. Tangu mwaka 2020 serikali ya Misri imekuwa ikipitisha mabarabara na madaraja katikati ya makaburi makongwe ya Cairo, yale yaitwayo Qarafa, na makaburi mengi ya zamani yamevunjwa, yakiwemo ya upande huo wa Imamu Shafi na Sayyida Nafisa. Kuba ya Imamu imesimama, lakini majirani zake wanaondolewa. Cairo ya kale imo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 1979, kama mji wetu wa Lamu ulivyotiwa mwaka 2001. Tusidhani basi kwamba kuandikwa katika orodha kunazuia tingatinga. Atakaye kuona na aone mapema.

Sasa nije kwenye mambo ya mkono. Nimemtafuta ustadhi mmoja wa hapa mjini aliyesoma Azhar, nikamkalisha kwa kahawa na tende jioni nne nzima, na jioni zile zimenifaa kuliko karatasi zote za mawakala. Yeye ndiye barua yangu ya mkono. Aliniambia nisichague hoteli kwa kutazama bwawa la kuogelea, bali nitazame nitasali wapi alfajiri. Nimetafuta nyumba ya wageni upande wa Husein, ambako nitaweza kwenda kwa miguu hadi msikiti wa Azhar uliofunguliwa mwaka 972. Nikitoka hapo nitaishika njia ya al-Muizz, kutoka lango la Bab al-Futuh hadi lango la Bab Zuwayla, yote mawili ya karne ya 11, nikipita kwa mafundi wa shaba, na mbele ya lango la pili wako washonaji wa mapambo ya mahema. Pale nitasimama kwa ajili ya baba.

Mji ni mkubwa usio na kiasi. Ukihesabu na vitongoji vyake una watu zaidi ya milioni 20, na kaunti nzima ya Mombasa ilihesabiwa watu milioni 1.2 mwaka 2019. Kwa hiyo mtu asijipangie kuruka huku na huku, atakula siku zake barabarani. Nimeigawa safari kwa mitaa. Siku moja ni ya kusini: msikiti wa Amr bin al-As, ambao asili yake ni mwaka 642 na ndio wa kwanza katika nchi hiyo ya Misri, kisha Imamu Shafi, kisha nyumba ya makumbusho ya Fustat ambako mwaka 2021 walihamishiwa maiti 22 wa wafalme na malkia wa kale. Hii ya maiti ni amri ya mama watoto, ambaye tunakwenda pamoja. Anataka kumwona Firauni. Nimemweleza kwamba yumo Ramses wa pili, ila hapana aliyethibitisha kwamba ndiye Firauni wa Nabii Musa. Akasema atamtazama usoni, yeye atajua.

Kuna treni ya chini kwa chini, iliyoanza mwaka 1987, ya kwanza katika Afrika, na ina mabehewa ya wanawake peke yao. Jambo hilo limempendeza. Kuvuka barabara ndiko kunakomtia ustadhi wasiwasi juu yetu. Shauri lake ni kwamba nitafute bibi mzee mwenye kikapu, nisimame ubavuni mwake, na aendapo niende.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano tunacho, na viza nimeiuliza ubalozini Nairobi mapema, maana paspoti ya Kenya huitaka. Fedha sitazibadili zote kwa mara moja, kwani paundi ya Misri si ya kutegemewa: mwezi wa Machi 2024 ilishuka kwa siku moja kutoka kama 31 kwa dola hadi karibu 50. Baridi ya Januari usiku hufika digrii 10 au chini yake, na sisi wa Mombasa tukiona 22 tunatafuta shuka, kwa hiyo masweta mawili mawili. Saa zao wakati huo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ijumaa maduka mengi hayafunguliwi hadi baada ya sala.

Kiarabu changu ni cha chuoni, na ustadhi amenionya kwamba Misri jimu husemwa kama ga, mkate huitwa eshi, na nikisema kwa irabu kamili kama ninayesoma khutba watanielewa, ila watatabasamu. Na watabasamu.

Siku mbili nimeziacha tupu katika daftari langu. Mtoto wangu aliziona akaniambia, "Baba, hizi umesahau." Sikusahau. Siku hizo ni za kukaa mkahawani, kupotea njia, au kurudi tena mahali palipotupendeza. Mama watoto tayari ameiba nusu ya moja kwa ajili ya mapiramidi, na sikumgombeza, yamesimama pale miaka 4,500 na wala hayana makosa kwetu.

Ijumaa iliyopita ndugu yangu mdogo alikuja baada ya sala. Alikunywa kahawa, akauliza habari za tiketi, akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba nyuma ya Azhar kuna maduka ya vitabu, na kwamba nikipita, maadamu nitakuwa nimekwisha kufika, nimtazamie Nihaya ya Ramli, chapa ya zamani ya Halabi ikipatikana. Ni juzuu nane. Nimeiandika katika orodha, chini ya masweta, na ninatafuta sanduku la pili.