Chuo Kilibaki na Alamisho Zangu

Nikisema niliacha chuo mwaka wa tatu, watu hunipa pole. Hiyo muiweke. Nipeni pole ya alamisho 640.

Laptopu ilikataa kuwaka, nikaipeleka kwa fundi mjini. Akaniuliza, "Kuna kitu nisevu kabla sijafuta?" Nikamjibu kwa kiburi, "Futa tu boss, kila kitu kiko kwa akaunti." Akafuta. Jioni nikafungua Chrome, nikaandika imeli yangu, nikaambiwa akaunti imezimwa. Ilikuwa imeli ya chuo. Tangu mwaka wa kwanza ndiyo niliyotumia kwa kila kitu. Karo ilipokwama nikatoka, mlango ukafungwa, vitu vyangu vikiwa ndani.

Mbogi walicheka. "Si ugugo tu tena?"

Hapo ndipo huwa nakasirika. Ukigugo tena unaletewa kinachobofywa na watu leo. Alamisho ni kitu nilichochagua mimi, siku fulani, kwa sababu zangu. Nilikuwa na folda nzima ya ile hadithi ya Ngũgĩ ambayo Jalada waliitoa mwaka 2016 ikatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 30. Nilikaa nayo wiki nyingi nikilinganisha Kikuyu na Kiingereza alichoandika Ngũgĩ mwenyewe, mstari kwa mstari. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutafsiri, kazi inayonilipia nyumba sasa. Sina transkripti. Folda zile ndizo zilikuwa transkripti yangu.

Najilaumu, ndiyo. Lakini pia nalaumu neno "kusawazisha", ambalo tumeuziwa kana kwamba maana yake ni kuhifadhi. Kusawazisha ni kioo. Ukifuta kwa simu, laptopu nayo inafuta, na inafuta haraka. Nakala ya kweli ni ile isiyojua kwamba umefuta. Na hizi huduma zenyewe hufa: Google Bookmarks ilifungwa Septemba 2021, Pocket ikafuata Julai 2025. Watakuambia walitoa notisi. Notisi yangu mimi, kama ilitumwa, ilienda kwa imeli ileile iliyofungwa.

Zilirudi 212, na si kwa hisani ya akaunti yoyote. Mwaka wa pili niliwahi kuingia Chrome kwenye kompyuta ya duka la shangazi, Githurai. Nilichomoa waya wa intaneti kwanza, nisije nikasawazishiwa utupu. Chrome sikuigusa. Nikaingia AppData, ambayo Windows huificha kana kwamba vilivyomo si vyako, nikashuka hadi User Data, kisha Default. Humo kuna faili linaitwa Bookmarks, na pacha wake Bookmarks.bak, nakala ya awali kidogo ambayo Chrome huiandika upya ikitumika. Nikabeba yote mawili kwa flashi. Nyumbani nikafunga Chrome, nikaliweka la kwanza mahali pake, nikafungua. Ni maandishi tu, unaweza kuyasoma. Kila alamisho ina tarehe yake, imehesabiwa kwa mikrosekunde tangu Januari 1601. Usiniulize.

Wa Firefox mna bahati: kuna folda ya bookmarkbackups inayoweka nakala za siku mbalimbali bila kuombwa.

Sasa kila Jumapili nabonyeza Ctrl+Shift+O, vile vidoti vitatu, nahamisha alamisho zote kuwa faili moja la HTML. Mstari wake wa kwanza bado unataja Netscape, kivinjari kilichokufa wengi wetu tukiwa watoto. Kampuni ilienda, faili likabaki, na vivinjari bado vinalisoma. Nalituma kwa imeli ambayo hakuna ofisi ya karo inayoweza kuifunga.

Katika zile 212, nyingi zilifunguka kwenye kurasa zilizokufa. Nilibandika anwani moja moja kwa Wayback Machine ya Internet Archive, baadhi zikafufuka, hata picha zake. Bila anwani ningeanzia wapi?

Folda iliyoitwa "Bando Ikiingia" haikurudi, kwa sababu niliianza mwaka wa tatu. Ilikuwa na makala fulani kuhusu kuandika ukiwa na njaa, na jina la mwandishi silikumbuki. Nimeitafuta kwa kila neno ninalolikumbuka. Naletewa matangazo ya mikopo ya simu.