Daftari la Ratiba Lisilouzwa Dukani



Ndugu wazazi, nanyi vijana wetu wanafunzi,

Shule zinapokaribia kufunguliwa, wengi wetu hapa Kigali huingia madukani kuwatafutia watoto ajenda, yaani lile daftari la kupangia siku ambalo wengine huliita diari. Tunalipa, tunamkabidhi mtoto, na baada ya mwezi mmoja tunalikuta chini ya kitanda, kurasa chache za mwanzo zimeandikwa na zilizobaki ni tupu. Hapo tunamlaumu mtoto kuwa ni mvivu. Sisi tunaona kwamba kosa si lake peke yake.

Hebu tulitazame daftari lenyewe. Linaanza Januari, na mwaka wa masomo hapa Rwanda huanza Septemba. Halina Muharram wala Shaaban. Siku yake imekatwa kwa saa za ofisi. Mtoto wa Kiislamu wa Nyamirambo au Biryogo anaishi ndani ya kalenda tatu kwa pamoja: ya shule, ya Hijria, ambayo ni fupi kuliko ile nyingine kwa siku 10 au 11, na ya mtaa, yenye umuganda kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Daftari la dukani linajua moja tu. Ndiyo maana tunasema: mtoto alitengeneze mwenyewe, kwa mabaki ya karatasi yaliyomo nyumbani.

Na mabaki hayo hayatupungukii. Tangu sheria ya mwaka 2008 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mkate na sukari huingia nyumbani katika mifuko ya karatasi. Ongeza bahasha, kadi za harusi, kalenda za mwaka uliopita, na madaftari ya shule yenye kurasa zilizobaki upande mmoja. Boksi la viatu linatosha kwa jalada. Fundi cherehani ukimuomba vipande vya kitenge vilivyoanguka chini ya meza yake, hatakunyima.

Lakini kabla ya kushika makasi, yapangueni mabaki hayo. Karatasi yenye aya ya Qur'ani au jina la Mwenyezi Mungu, na madaftari ya madrasa yanazo nyingi, isikatwe wala isigeuzwe pambo. Iwekwe kando na ihifadhiwe kwa heshima, au mumuulize ustadh namna ya kuiondoa. Hili peke yake ni somo kwa mtoto.

Kazi yenyewe si ngumu. Wiki 52, kila moja kwa kurasa mbili zinazotazamana, zinahitaji kurasa 104. Karatasi 27 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 108, kwa hiyo zinabaki chache za kuandikia orodha ya miezi. Zigawe mafungu matatu ya karatasi tisa tisa. Toboa kila fungu kwa msumari mwembamba kwenye mkunjo, matundu matano, kisha ushone kwa sindano na uzi. Gundi ya kubandikia jalada hupikwa jikoni kwa unga wa ngano na maji. Kwa mapambo, mistari na pembe za imigongo kwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu hupendeza sana, wala hazihitaji picha za viumbe.

Baada ya hapo inakuja kazi kubwa zaidi, kuigawa siku. Hapa tunayo neema ambayo hatuitazami. Kigali iko karibu na ikweta, hivyo Adhuhuri yetu haiachani sana na saa sita mchana, na Magharibi haiachani sana na saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London wanafuturu kabla ya saa kumi alasiri wakifunga sunna mwezi Desemba, na mwezi Juni jua lao huzama baada ya saa tatu usiku. Sisi twaweza kuchora sehemu tano za siku mara moja, na zikatufaa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Swala ziwe nguzo. Masomo, kazi za nyumbani na michezo vikae katikati yake.

Wapo watakaosema huu ni upotevu wa wakati, au ni kazi ya wasichana. Tunawajibu kwamba ni jioni mbili au tatu za likizo, jioni ambazo vinginevyo simu ingezimeza. Na mvulana naye anao wakati atakaoulizwa habari yake, kama dada yake.

Tuwaambieni lililotupata sisi. Mmoja wa wanetu alipokuwa akichora kurasa zake, kati ya Magharibi na Isha aliweka mstari akaandika: kuzungumza na baba. Hatukumwambia aweke. Wiki tatu mfululizo alama ya mstari ule haikutiwa, kwa sababu baba alikuwa bado kazini, au yuko nyumbani na simu mkononi. Tulikaribia kumwambia aufute, kwamba ratiba ni ya masomo. Kisha tukaona haya. Daftari la dukani lisingetuambia jambo lile hata tungelinunua kwa bei gani, kwani mistari yake huchorwa na mtu asiyemjua mtoto wetu.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa wazazi ni huu: saidieni kushona, saidieni kupika gundi, lakini mistari achore mwenyewe. Msimjazie kila saa. Acheni nafasi tupu, kisha ombeni ruhusa ya kusoma alichoandika. Na kama jina lako limo, ewe mzazi, tekeleza.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Suratul-'Asr, sura fupi ambayo watoto wetu wameihifadhi tangu wakiwa wadogo. Tuwape basi mahali pa kuuandika wakati huo kwa mikono yao.

Wabillahi tawfiq.